Kupungiana mkono kwenye pikipiki, lazima au?

Mdogo wangu, umesema ulimpungia mwenye pikipiki mwenzio mkapishana akakausha tu, ukajisikia vibaya. Usinune bwana. Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo anayekuja anapita kulia kwako, na mkono wa kulia ndo umeshika mafuta na breki ya mbele, sasa ukiuachia upunge pikipiki inapunguza mwendo ghafla na nyuma yako kuna lori. Ndo maana hata Waingereza, nao kushoto kama sisi, wengi wanatikisa kichwa tu. Wapungaji ni Wamarekani, wao wanaendesha kulia, kwa hiyo wanapishana upande wa mkono wa kushoto, ule wa klachi. Wafaransa ndo balaa, akikushukuru ananyoosha mguu kabisa (mi ningedondoka).

Mjini usihangaike, boda ni wengi mno utapunga mpaka kesho. Ila safari ndefu, mfano unakatiza Mikumi au unapanda Kitonga, inamisha kichwa kidogo inatosha, na ukiwa kwenye kona au unaovateki achana nayo kabisa. Ukimkuta mwenzio kasimama pembeni ana pancha, hapo simama umuulize kama ana pampu.