Watoto wa karate kuchoshwa na kata (mfululizo wa hatua zilizopangwa)

Mwalimu, hao watoto wa mkanda mweupe (wanaoanza) wanaozubaa kwenye kata ya Heian Shodan, usiwape hatua zote 21 kwa mkupuo. Anza na tisa za kwanza tu. Ya tisa ina kiai (ukelele wa nguvu), kwa hiyo wanamalizia na ukelele (na ukelele ndio wanaoupenda) badala ya kukatizwa njiani. Dakika tano zinatosha, halafu wawili wawili: mmoja ashike pedi, mwenzake apige ngumi kumi, wabadilishane. Kila raundi sahihisha kosa moja. Mara nyingi ni kisigino cha mguu wa nyuma kunyanyuka. Akikikandamiza chini, msifu hapo hapo kwa jina na kwa hicho kisigino. "Safi sana" ya jumla hawaisikii tena. Pushapu usizifanye adhabu, watazichukia.