Kabla ya mwendo, uliza joto la chombo linatokea wapi

Zamani nilipima hadithi za anga kwa mwendo tu. Chombo kikiruka kutoka nyota hii hadi ile kwa dakika tano, basi hadithi yote niliiita uongo. Siku hizi mwendo nauacha mwisho.

Yaya wangu, mtoto wa kwanza kwetu, anafundisha fizikia hapa Bukavu. Jioni moja umeme umekatika, nilimsomea hadithi yangu, nikijivunia injini ya nyuklia niliyokipa chombo. Akamimina chai kutoka termosi iliyojazwa saa kumi na mbili asubuhi. Mvuke ukapanda.

“Kati ya kuta mbili za termosi hii hakuna hewa,” akasema. “Ndiyo maana chai haijapoa. Na chombo chako kimezungukwa na nini?”

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeandika kwamba angani kila kitu huganda papo hapo. Kumbe pasipo hewa wala maji ya kulibeba, joto hutoka kwa njia ya mionzi peke yake, tena polepole. Kwa sababu hiyo Kituo cha Kimataifa cha Anga kina paneli nyeupe, mbali na zile za jua. Amonia, kimiminika cha kupozea, hupita kwenye mabomba, ikalichukua joto na kulipeleka huko litoke. Wanaanga wangu mimi wangeiva humo ndani.

Kwa hiyo ukisoma au ukiandika, tafuta paneli hizo kwanza. Kisha tazama uzito. Gurudumu linalozunguka ili watu wasielee naliamini, ila lazima liwe kubwa: likiwa na mita 224 kutoka katikati hadi ukingoni, mizunguko miwili kwa dakika inatosha kukusimamisha kama uko sokoni Kadutu. Likiwa la mita 10, linahitaji karibu mizunguko kumi, na kichwa kinakuwa chepesi kuliko miguu. Nani atavumilia kizunguzungu hicho?

Kuhusu mwendo, napenda subira. Dawn, chombo halisi kilichorushwa mwaka 2007, kilikuwa na injini ya ioni, inayotema chembe zenye chaji ya umeme, yenye msukumo usiozidi uzito wa karatasi mbili, lakini kilifika asteroidi Vesta 2011 na sayari kibete Ceres 2015. Mwandishi anayetaka kuipita nuru namruhusu, mradi aweke sharti moja na asilivunje.

Hadithi yangu niliiandika upya. Sasa chombo kina paneli nne, na katika sura ya tatu kimondo kinatoboa moja. Wanaanga wanapunguza injini, wanahesabu nyuzi za joto zikipanda moja moja. Yaya aliisoma hadi mwisho, akauliza paneli tatu zitawafikisha wapi.