Jibu: Kumbukumbu za Kamkwamba kwa kidato cha pili

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama kitabu cha kumbukumbu za William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyejijengea mtambo wa kuzalisha umeme kwa upepo, kitawaelemea vijana wako wa kidato cha pili, maana kina njaa nyingi. Wape wasome. Wangu hawakuvunjika moyo. Walikasirika, na hasira yao ilikuwa na maana.

Jiandae na habari ya mbwa. Watu wengi wanamjua Kamkwamba kwa mtambo wa upepo, lakini darasani kinachowasha moto ni Khamba, yule mbwa ambaye William alimfunga mtini msituni afe kwa sababu nyumbani hakukuwa na cha kumpa. Wapo watakaomhukumu William papo hapo. Usiwakatize. Kwangu, aliyewajibu wenzake alikuwa mkimya wa dawati la nyuma: aliwauliza wangempa nini huyo mbwa. Tangu hapo walisoma kwa macho mengine.

Sehemu ya ada ndiyo iende taratibu. William aliacha shule wakati wa njaa ya 2001 hadi 2002 kwa kukosa ada, akawa anaazima vitabu maktaba ya shule ya msingi Wimbe. Watoto wanaodaiwa shuleni wanajiona humo, kwa hiyo tafadhali usimwulize yeyote habari za kwao mbele ya wenzake. Waandike, na karatasi uzisome wewe peke yako.

Kwa mtambo wenyewe, na feni yake ya trekta na dainamo ya baiskeli, hutahitaji kuwasukuma wanafunzi. Wangu walianza kuuchora ubaoni kabla sijawaambia.