MUULIZE MJOMBA: Baraza moja linawatosha watu kumi

*Shikamoo Mjomba. Mama yetu anatimiza miaka 72, na sisi watoto tumechangishana mwaka mzima tumpeleke kwenye meli ya kitalii inayoanzia Durban, inaingia Msumbiji na kurudi, siku nne. Tupo kumi: mama, dada yake (mama mkubwa), mimi na mume wangu, watoto wetu wawili (wa kike miaka 9, wa kiume 6), kaka na mkewe, mdogo wangu wa kiume ambaye hajaoa, ana miaka 26, na binti wa marehemu dada yetu, miaka 17. Mama goti linamsumbua na anataka dirisha. Mume wangu anasema dirisha ni kutupa hela, bahari tunaiona kila siku Feri. Mama mkubwa anakoroma mpaka majirani wanajua amelala, na mama ameapa halali naye chumba kimoja. Wifi yangu ana ujauzito wa wiki 18, anaomba sehemu isiyotikisika. Wakala ametupa njia mbili: vyumba vitatu tujibane, au vyumba vitano kwa bei ya chini kabisa ila kampuni ndiyo itatuchagulia vyumba. Safari ni miezi miwili ijayo. Tushike lipi?*
*Mama Wawili, Tabata*

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kumkumbuka mama.

Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: miaka tisa nilikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli hizo. Vyumba 16 mikononi mwangu, asubuhi na jioni, na taulo nikizikunja umbo la tembo ili watoto wa watu wafurahi. Siku hizi hapa Dar kila kijana anajiita baharia. Mimi kitabu cha baharia ninacho bado, kipo kabatini. Nimeona koo zinapanda meli zinacheka na kushuka hazisemeshani, na mara nyingi ugomvi wenyewe ulianza siku ya kugawana vyumba.

Nianze na wifi yako, maana lake haliwezi kungoja. Kampuni nyingi za meli hazimpandishi mjamzito ambaye atakuwa amefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha. Wiki 18 ukijumlisha miezi miwili, mmeshafika 26 na ushei. Akifika gatini na cheti cha kliniki kinachosema hivyo, atarudishwa, na hela yake huenda isirudi. Mwambieni wakala leo, kabla ya malipo ya awali, awaonyeshe sharti la kampuni yenu kwa maandishi. Mkimficha mkidhani dera litaficha, mnamtafutia aibu bure mbele ya foleni ya watu.

Sasa njia za wakala. Zote mbili sizipendi.

Vyumba vitatu kwa watu kumi, maana yake kimoja kina wanne na viwili vina watatu watatu. Chumba cha kawaida cha meli ni mita za mraba 14 hadi 17, bafu likiwa humo humo. Pima sebule yako ya Tabata uone. Kitanda cha tatu na cha nne hushushwa usiku kutoka ukutani au darini, vina ngazi, na vikishashuka hata pa kusimama kuvaa suruali hapapo. Mama mwenye goti bovu akiamka saa 8 usiku kwenda msalani, atapita chini ya ngazi ya mtu, gizani, meli ikiyumba. Hapana.

Tena huenda hivyo vitanda visipatikane hata mkivitaka. Kila upande wa meli una kituo chake cha kukusanyikia watu wakati wa hatari, wenye nafasi za kuokolea zilizohesabiwa, na abiria wa upande ule hawaruhusiwi kuzizidi. Nafasi zikikaribia kujaa, chumba chenye vitanda vinne kinauzwa kwa watu wawili, na wakala hana la kufanya. Ukali huo una asili yake: Titanic ilizama 1912 maboti ya kuokolea yakiwatosha karibu nusu tu ya waliokuwemo, na miaka miwili baadaye mataifa yakaandika mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini.

Hiyo ya pili, bei ya chini kampuni ikuchagulie, ni nzuri kwa mtu na mkewe wasio na wa kumtafuta. Kwa ukoo ni balaa. Mnaweza kutupwa mmoja omo (mbele ya meli) sitaha ya tano, mwingine tezi (nyuma) sitaha ya kumi. Meli hizi zinafika mita 300. Ni sawa na kuweka viwanja vitatu vya mpira kimoja nyuma ya kingine. Nilikuwa na bibi mmoja, watoto wake walikuwa wamepangiwa upande wa pili wa meli. Kila usiku baada ya chakula nilimkuta amesimama kwenye korido yangu na kadi yake mkononi, milango yote inafanana, analia kimya kimya. Siku ya tatu nikawa namfuata mgahawani mwenyewe. Watoto wake sikuwahi kuwaona.

Lipieni zaidi kidogo, mchague namba za vyumba nyinyi wenyewe. Hapo ndipo pa kutumia hela, wala si kwenye madirisha matano. Mumeo kwa hilo yuko nusu sahihi.

Nusu nyingine ni hii. Watu wa kundi hawahitaji kila mmoja roshani yake. Wanahitaji mahali pamoja pa kukaa ambapo hawanunui kinywaji. Kwenye meli nyingi, vyumba vyenye roshani viko ubavuni, na ng'ambo ya korido, mlango ukitazamana na mlango, kuna vyumba vya ndani visivyo na dirisha, ambavyo bei yake iko chini sana. Basi chukueni chumba kimoja chenye roshani, cha mama, na vinne vya ndani vinavyokizunguka. Ile roshani ndiyo baraza la nyumba. Asubuhi mnaletewa chai pale, jioni watu wanabadilishana viti viwili vilivyopo, wengine wanakaa kitandani mlango ukiwa wazi. Hamtaenea kumi kwa mpigo, na sijawahi kuona baraza la Kiswahili ambalo watu wote wamekaa kwa wakati mmoja.

Mgawanyo wenyewe, ningekuwa mimi:

Mama alale na mjukuu wake wa kike kwenye chumba cha roshani. Bibi na mjukuu wana utani wao, na mtoto wa miaka 9 anajua kupiga simu au kugonga mlango wa mbele. Mlango huo wa mbele ni wako na mumeo. Mkifika, nenda mapokezi uombe kadi ya ziada ya chumba cha mama ukae nayo wewe.

Mdogo wako asiyeoa ndiye aliyeniumiza kichwa. Bei ya chumba imepigwa kwa watu wawili. Akilala peke yake atalipa karibu mara mbili: tuseme nauli ni shilingi milioni 2, yeye atatakiwa karibu milioni 4. Kwa upande mwingine, mtu wa tatu ndani ya chumba hulipa pungufu, na ndiyo maana mtashawishika kumweka mwanenu wa kiume kwenye chumba chenu. Piga hesabu hivi: mtoto ahamie kwa mjomba wake. Atalipa nauli ya mtu wa pili, ambayo ni kubwa kuliko ya mtu wa tatu, lakini ile adhabu ya kulala peke yako inafutika, na jumla ya familia inashuka. Kampuni hutaka mtu mzima kila chumba chenye mtoto, baadhi wanasema miaka 21, wengine zaidi. Mjomba wa miaka 26 anapita, ila mumuulize wakala. Na wewe na mumeo mtapata chumba chenu wenyewe. Sitaandika zaidi hapo.

Mama mkubwa na binti wa miaka 17. Huyo umri huo halali, anazimia. Mnunulieni vizibo vya masikio pale Kariakoo, na chumba chao kisiwe jirani na cha mama, kiachwe kimoja katikati. Tena kisiwe na mlango wa kuunganisha na chumba kingine. Watu wanaililia milango hiyo, na kweli kwa wazazi wenye watoto wadogo inafaa. Lakini ni myembamba, sauti inapita kama kwenye pazia. Ukipewa chumba chenye mlango huo na jirani si ndugu yako, utazijua siri za Wareno wa watu. Mkoromo wa mama mkubwa ukipenya huko, malalamiko yatakuwa mapokezi kabla ya saa 1 asubuhi.

Kaka na wifi, kama wifi atapita, chumba cha tano. Kama hapiti na kaka anakuja, basi kaka na mdogo wenu walale pamoja, mtoto wa kiume arudi kwenu kwa nauli ya mtu wa tatu, na mnabaki na vyumba vinne.

Vyumba hivyo viwe wapi? Wazee wa majahazi walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, yaani tumboni mwa chombo. Walisema kwa sababu zao, lakini fundi wa meli akikuchorea atakuambia neno hilo hilo: chombo kinapopanda na kushuka, ncha mbili ndizo zinazosafiri mbali, katikati panakaa kama kitovu cha bembea. Na kadiri unavyopanda ghorofa ndivyo unavyoyumba. Kwa hiyo katikati ya meli, sitaha za chini au za kati. Msidharau, Durban si Zanzibar. Aliyekwenda Pemba akavuka mkondo wa Nungwi siku ya upepo anajua kidogo tu. Pwani ile ya kusini kuna mkondo wa Agulhas unaoteremka kwa kasi kuelekea kusini-magharibi, na upepo wa kutoka kusini-magharibi ukiukabili, mawimbi yanasimama wima. Meli kubwa hazitishiki, matumbo ndiyo yanayotishika.

Halafu dai mchoro wa sitaha, uweke kidole kwenye chumba chako, kisha tazama sitaha ya juu yake na ya chini yake. Vyote viwili viwe vyumba vya kulala. Juu pakiwa na bwawa la kuogelea, saa 11 alfajiri utasikia viti vya kuotea jua vinaburutwa. Chini pakiwa na ukumbi wa muziki, kitanda kitacheza mpaka saa 8 usiku. Omo kabisa kuna mnyororo wa nanga, na ukishuka asubuhi utadhani bati la nyumba limeezuliwa. Karibu na lifti ni pazuri kwa goti la mama, lakini milango minne mitano pembeni, pasiwe pale pale watu wanaposimama kupiga soga.

Mama akianza kutumia mkongojo au kiti cha magurudumu, kuna vyumba maalumu vyenye mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti. Ni vichache na huisha mapema. Muulize kabla hujalipa, kizingiti cha bafu la kawaida kinaweza kumwangusha hata wewe. Na kama meli yenu inapita Pomene, Msumbiji, mjue hakuna gati, watu wanashushwa kwa boti ndogo. Mama anaweza kubaki melini siku hiyo, na hapo ndipo roshani itakapolipa gharama zake.

Yaliyobaki nayataja haraka. Kila chumba kitakuwa na namba yake ya kuwekea nafasi. Wakala aziunganishe zote, la sivyo chakula cha jioni mtakaa meza tofauti na saa tofauti. Ombeni awamu ya kwanza kwa ajili ya wazee na watoto. Kuta na milango ni chuma, bebeni sumaku ndogo, funga kipande cha kanga kwenye mlango wa mama aujue. Udi na chetezo acheni Tabata, na pasi pia. King'ora cha moshi hakijui kama ni harufu nzuri. Kwa wanaoswali: chumba cha ndani hakionyeshi alfajiri, tumieni saa, na runinga ya chumbani huwa na ukurasa wa ramani unaoonyesha meli imeelekea wapi. Ukiwa maji ya Durban kibla ni karibu kaskazini, ikienda kidogo mashariki.

*Mjomba, sisi ni marafiki wanne wa kike, Sinza. Tunataka chumba kimoja cha ndani, bei rahisi, tutaweza?*
*F., Sinza*

Mtaweza, ni siku nne na bado mna magoti. Begi moja moja laini, liingie chini ya kitanda. Bafu lipangieni zamu kwa saa, asubuhi msisubiriane mlangoni. Mwambieni wakala mapema kuwa vitanda viwili vya chini vitenganishwe, maana kawaida vinaunganishwa kuwa kimoja cha maharusi. Na anayelala juu asiwe yule mwenzenu anayeamka mara tatu usiku.