Panya walioachwa na jirani: niwafuge, niwaachie au niwaue?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Jirani yetu alihama akaacha panya wawili weupe ndani ya kizimba, wale wanaozalishwa na kuuzwa ili wafugwe. Hakuna aliyewataka, nikawachukua kwa kuona watakufa njaa. Ni majike wote wawili na wamezoea watu. Mwanangu akiingiza mkono wanapanda mpaka begani. Mama mkwe anasema panya ameamriwa kuuawa, na kwamba kwa ajili yao malaika hawaingii nyumbani na sala zetu hazikubaliwi. Sasa mmoja ametoka uvimbe mkubwa karibu na kwapa, hawezi kutembea vizuri, na daktari wa mifugo anashauri achomwe sindano afe. Nasikia pia kwamba panya akibaki peke yake hudhoofika. Je, naweza kumnunulia mwenzake? Nifanye nini ambacho hakimuudhi Mola wangu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na maswahaba wake.

Dada yangu, mama mkwe wako ana asili ya maneno yake, na inafaa umheshimu kwa hilo. Imepokewa kwa Bibi Aisha (r.a.) katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwataja wanyama watano waharibifu wanaouliwa hata ndani ya Haram, yaani eneo takatifu la Makka ambapo mawindo hayaguswi, na panya ni mmoja wao. Jabir (r.a.) naye amepokea amri ya kuzima taa wakati wa kulala, kwa sababu panya huweza kuukokota utambi akawaunguza watu wa nyumba. Kwa hiyo panya hana hukumu ya paka, na anayekwambia hakuna tofauti kati yao hajakueleza ukweli.

Ila kuna jambo linalosahauliwa kila hadithi hii inapotajwa majumbani. Imam Nawawi anapoisherehesha anasema jamhuri ya wanazuoni, yaani walio wengi, wameafikiana kuwa inajuzu kuwaua wanyama hawa. Kujuzu si sawa na kuwa wajibu, na wala hakuna ruhusa ya kutesa. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Shaddad bin Aws aliyoipokea Muslim, kwamba Allah ameandika wema katika kila kitu, na mkiua basi ueni kwa wema. Neno "kila kitu" halikumtoa panya. Anayemmwagia panya maji ya moto, au anayemnasa kwenye gundi akamwacha ajirarue mpaka asubuhi, asijifiche nyuma ya hadithi ya watano.

Tuje kwenye kufuga. Katika madhehebu ya Imam Shafii wako waliosema wazi, Imam Zarkashi akiwa mmoja wao, kwamba ni haramu kuwafuga wanyama hawa watano. Wako wanazuoni wa zama hizi wanaoona kwamba panya waliozalishwa vizazi kwa vizazi mikononi mwa watu hawana yale madhara yaliyokusudiwa, na wanatoa ruhusa. Simlaumu anayewafuata, na najua kuna panya waliofunzwa kunusa mabomu ya ardhini wakaokoa viungo na roho za watu. Hiyo ni manfaa ya dhahiri na ina mlango wake. Lakini kwa mtu anayeuliza kama aende akanunue panya kwa ajili ya kujifurahisha tu, jibu langu ni hapana, asifanye.

Wewe hukwenda kuwatafuta. Umewakuta wamefungwa, hawana mwenyewe, ukawachukua ili wasife njaa. Hapo suala linabadilika, na ningependa usome alichokiandika Khatib Shirbini, mwanazuoni wa Kishafii, katika mlango wa matunzo ya wanyama. Anasema hawa watano huwajibikiwi kuwalisha. Unaweza kuwaacha waende zao. Lakini si halali kuwafungia mpaka wafe kwa njaa, na dalili yake ni hadithi ileile ya kuua kwa wema. Linganisha na yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Ukishafunga mlango wa kizimba, mnyama hana njia ya kuifikia riziki yake isipokuwa kupitia mkono wako.

Basi mbele yako una njia tatu: uwaachie, uwaue kwa wema, au uwatunze. Kuwaachia mimi sikushauri. Panya waliozaliwa kizimbani hawajui kujitafutia chakula wala kujificha, na wakinusurika wataingia kwenye nyumba za watu wengine, ilhali Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kumuua aliye mzima inajuzu, ila hulazimiki. Kuwatunza mpaka muda wao uishe, bila kuwazalisha wala kuongeza wengine kwa kununua, ndiko ninakokuona ni bora kwako, na nataraji una ujira ndani yake. Yule mtu aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa, na maswahaba walipouliza kama wanyama nao wana thawabu waliambiwa kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kuna ujira. Na muda wenyewe si mrefu, kwani panya hawa huishi miaka 2 hadi 3 hivi.

Kuhusu twahara, panya akiwa hai mwili wake ni twahara kwa Mashafii, kwa sababu kila mnyama aliye hai ni twahara isipokuwa mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao. Kumshika hakuvunji udhu. Kinyesi chake na mkojo wake ni najisi, na hapa ndipo pa kuangalia sana. Panya ana tabia ya kudondosha matone madogo ya mkojo kila anapopita, ndiyo alama yake ya njia. Akitembea kwenye mkono wa mwanao mpaka begani, huenda ameacha matone manne matano kwenye mkono wa shati bila mtoto kuhisi. Tenga nguo moja ya kuwashikia, isiwe ya kusalia, na mikono ioshwe kwa sabuni, maana mkojo wa panya unaweza pia kubeba maradhi. Kizimba kikae mbali na jikoni na mbali na mahali pa kusalia. Kisafishwe mara kwa mara, kwa sababu harufu kali ya mkojo uliolala huumiza mapafu yao, na mapafu ndiyo udhaifu wao mkubwa. Maranda ya mbao zenye harufu kali, kama za msonobari, pia huwadhuru.

Utaona wakati mwingine machoni na puani pana ute mwekundu. Usidhani ni damu ukaanza kufua kila kitu. Ni majimaji ya tezi iliyo nyuma ya jicho, na hukumu yake ni ya machozi, kwa hiyo ni twahara. Lakini ukizidi ni dalili kwamba mnyama anaumwa au ana dhiki.

Ama malaika, hadithi iliyothibiti imetaja mbwa na picha, haikumtaja panya. Hatuna ruhusa ya kuongeza. Na sala ya watu wa nyumba yako ni sahihi maadamu mwili, nguo na mahali ni twahara. Mweleze mama mkwe wako kwa upole, na usimlazimishe kuwashika.

Sasa huyu mgonjwa. Ungeniuliza kuhusu paka, ningekujibu kwa tahadhari kubwa, kwa kuwa wanazuoni wetu wamekataza kumuua mnyama asiyeliwa hata kama nia ni kumpumzisha na maumivu. Kwa panya kizuizi hicho hakipo, kwa kuwa ruhusa ya kumuua ilikwishatolewa na sharia yenyewe. Kwa hiyo huna dhambi katika sindano, na kama daktari ameona hapana tiba na mnyama anateseka, hiyo ndiyo njia ya wema niliyoitaja. Sharti ni kwamba apoteze fahamu kwanza asisikie maumivu, na mwenzake asiwe anatazama. Uvimbe wa namna hii ni wa kawaida kwa majike na mara nyingine hupasuliwa wakapona; muulize daktari hilo kabla hujakubali. Akishakufa, mwili wake ni najisi: mzike, na palipoguswa na majimaji pasafishwe.

Mwanao atalia. Usimkemee kwa kumwambia ni panya tu. Abu Umair, mdogo wake Anas, alikuwa na kindege chake anachochezea kikafa, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akimuuliza kwa upole kimefanya nini kindege kile. Alijishughulisha na huzuni ya mtoto juu ya kiumbe kidogo.

Limebaki la mwenzake. Ni kweli panya ni mnyama wa kundi na upweke humdhuru. Lakini usinunue, Imam Nawawi ameandika katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, kwamba haisihi kuuza wadudu na wanyama wadogo wa ardhini wasio na manfaa, na panya ameingizwa humo. Kinachofaa zaidi ni kumtafutia mtu ambaye tayari anao wa jinsia hiyohiyo, umpe bure, nawe utoke katika jambo hili kwa salama. Usipompata, na akatokea mwingine aliyeachwa kama hawa, mchukue ukishahakikisha ni jike, kwani mimba yao ni wiki 3 tu na huzaa watoto wengi kwa mkupuo. Na ikiwa hayo yote hayakupatikana, mpe muda wako na wa mwanao kila siku, mumtoe, mumshughulishe, na inatosha.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.