Nilifukizwa kwa Udi Wangu Mwenyewe

Juzi usiku dada mmoja wa Likoni kaniandikia: pua ya mamake imeziba upande mmoja miezi minne, inatoka damu, na kila akienda hospitali anapewa dawa ya mafua. "Da, saratani yako ya pua ilianzaje?" Nimemjibu kwa sauti, dakika kumi na moja nzima, kisha nikaona afadhali niandike.

Yangu ilianza mwaka 2019, kwenye kutawadha. Nikipandisha maji puani, upande wa kushoto hayapandi, na yakitoka yana uzi wa damu. Mimi napika udi, Mji wa Kale, Mombasa. Pua ndiyo mizani yangu: sandali ya kweli na ile iliyoghushiwa nilikuwa nazitofautisha kabla mfuko haujafunguliwa vizuri. Na ndiyo kwanza nilikuwa nimefungua duka la pili, jambo ambalo nyinyi wenzangu wa biashara mnajua linavyokula usingizi. Nani ana muda wa pua?

Kliniki ya kwanza wakasema vumbi. Ya pili wakasema sainasi. Antibiotiki nimezimeza mara tano. Shangazi yangu yeye alikuwa na jibu lake: "Mwanangu, hiyo si pua, hilo ni jicho. Duka la pili hilo watu hawakuliona?" Jicho ni haki, sibishani. Nikasomewa, nikafukizwa, kwa udi nilioupika kwa mikono yangu, na sikusikia harufu yake hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikakatwa kinyama cha kupima. Majibu: nyama iliyokufa na uvimbe wa kawaida, nenda nyumbani. Nilishukuru Mungu, nikachinja kuku. Miezi miwili baadaye shavu limevimba na kaakaa lina kidonda. Mpaka leo yule daktari nikimkumbuka moyo hunichafuka, kwa sababu baadaye nilielezwa kwamba ugonjwa huu huua nyama inayouzunguka, na ukikata juujuu unapata uozo tu. Daktari wa pili alikata ndani zaidi, sehemu kadhaa, nikiwa nimelazwa usingizi. Ikaitwa jina: limfoma ya puani, yaani saratani ya seli za kinga ya mwili, zile ziitwazo NK/T. Ni saratani adimu, inayoonekana zaidi Asia ya Mashariki na Amerika ya Kusini, na huandamana na kirusi cha Epstein-Barr, ambacho zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho bila kuugua. Kirusi chenyewe kiligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka kwa wagonjwa wa Uganda. Jirani kabisa, na mimi nikidhani ni ugonjwa wa mbali!

Nikapanda treni kwenda Nairobi. Nilishangaa kuambiwa nianze na mionzi, maana nilijua limfoma hutibiwa kwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani. Daktari akanieleza kwamba seli za limfoma hii zina kama pampu ya kuzitema dawa nyingi za kemo za kawaida, ila mionzi inazipata. Kemo niliyopewa baadaye ilikuwa na asparajinesi, inayozinyima seli hizo chakula. Mionzi yenyewe ilikuwa grei 50 (grei ndiyo kipimo chake), mbili kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano.

Kwanza waling'oa jino bovu, kwa kuwa taya lililopigwa mionzi haliponi vizuri likijeruhiwa. Kisha wakalainisha bamba la plastiki kwa maji moto, wakanifunika nalo uso mpaka likaganda kwa sura yangu. Kila siku uso wangu ulifungwa mezani kwa kinyago hicho nisitikisike. Dakika chache tu, wala hakuna maumivu. Maumivu yalikuja wiki ya tatu: mdomo vidonda, mate yamekauka, uji wa baridi ukipita kooni ni kama changarawe. Siku mbili nilitaka kurudi Mombasa. Sikurudi, na wewe usirudi. Mionzi haikatizwi katikati kwa sababu ya arusi, wala mzigo bandarini, wala duka.

Mwezi uliopita nimetimiza miaka mitano ugonjwa haujarudi. Naringa, ndiyo, niacheni niringe. Lakini nitasema pia, na mkasirike: tunaipenda biashara kuliko mwili. Upande mmoja wa pua ukiziba wiki kadhaa na damu inatoka, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kinyama kikirudi hakina kitu na hali inazidi, kikatwe tena. Tena, nasema. Uliza kama wamepima kile kirusi. Shangazi afukize, lakini akufukize ukiwa na tarehe ya hospitali mkononi.

Yule dada wa Likoni mama yake anakatwa kinyama Alhamisi. Nami jana nimepika kilo nne. Karafuu naisikia, sandali kwa mbali, asumini bado. Kwa asumini binti yangu ndiye anayenusa, mimi nakoroga.