Pedeli ya Kushoto Ilinifukuzisha Kazi

Juzi dada mmoja wa Urambo kaniandikia: cherehani inasokota uzi kila akianza mshono, na fundi wake anamwambia hana miguu ya ufundi. Nikaweka mkasi chini. Maneno hayohayo niliambiwa mimi na fundi aliyekuwa akinifundisha, hapa Tabora mjini, mbele ya wateja.

Nilikuwa nakanyaga kwa pupa. Cherehani ya miguu usipoiongoza, gurudumu la chini huondoka kinyume, la juu nalo linarudi nyuma, uzi unajikunja chini ya kitambaa na kukatika. Wiki tatu nilikata uzi wa watu. Kisha fundi akanituma nikabadilishe pedeli ya kushoto ya baiskeli yake. Nikaweka spana namba 15, nikazungusha kushoto kama nati yoyote. Ikagoma. Nikachomeka bomba kwenye spana, nikaning'inia. Spana ikateleza, ikala kona zote, vidole vikachunika. Kumbe nilikuwa nakaza! Pedeli ya kushoto uzi wake wa skrubu umekatwa kinyume makusudi, isije ikajifungua mtu akiendesha. Kuifungua unazungusha kulia. Nani alikuwa ameniambia? Jioni ile nilirudi nyumbani Isevya kwa miguu, kazi sina. (Msinionee huruma. Leo nina cherehani tatu, na fundi yule huja kuniazima mkasi.)

Sasa, mdogo wangu, toa uzi, inua kile kiguu kinachobana kitambaa. Nyayo zote mbili juu ya pedeli, moja itangulie kidogo. Anzisha gurudumu la juu kwa mkono wa kulia, kuelekea kwako, miguu ifuate. Ukiweza dakika kumi bila kurudi nyuma, shona karatasi ya daftari kwa kufuata mistari yake, bado bila uzi. Mkanda wa ngozi ukilegea, kata kipande kidogo uunganishe tena kwa waya wake. Pengine miguu yako haina kosa, mkanda ndio unaoteleza.

Na msikimbilie mota. Mota nayo ina pedeli, ukiikandamiza kwa pupa sindano inakufuata kidoleni. Anza na mkono, kuelekea kwako. Nimeshasema, narudia. Nanyi mafundi mnaochukua wanafunzi, mwonesheni mtoto wa watu gurudumu linazungukia wapi kabla hamjamtukana mbele ya wateja. Tusi la siku ile mimi bado nalisikia.

Dada, ukikwama tena, nitumie picha ya mkanda.